Ramani ya Nyayo: Historia Fupi ya Kukanda Miguu



Katika mkutano mmoja wa vijana, msichana wa Keshero aliuliza swali ambalo sisi wakubwa tuliokuwapo hatukuwa na jibu lake tayari. Mama yake, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa amekwenda kukandwa miguu kwa mtu aliyetundika ukutani mchoro wa nyayo mbili zilizopakwa rangi. Kwenye kidole gumba pameandikwa ubongo, katikati ya unyayo kongosho na figo, karibu na kisigino utumbo. Mama alirudi nyumbani ametulia, akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Lakini alirudi pia na neno: kwamba kongosho lake limeanza kufunguka, na kwamba vidonge vya hospitali vinaweza kungoja kidogo.

Msichana aliuliza mambo mawili kwa pamoja. Je, jambo hili ni la kweli? Na je, Mkristo ameruhusiwa? Kijana mmoja alijibu upesi kwamba huo ni uganga wa Kichina, kwa hiyo ni dhambi. Mwenzake akasema ni sayansi, kwa sababu mchoro una majina ya viungo kama yalivyo katika kitabu cha biolojia. Nadhani wote wawili walikosea, na walikosea kwa sababu hakuna aliyejua mchoro ule ulitoka wapi. Basi tuufuatie nyuma, hadi ulikozaliwa.

Wanaouza tiba hii, ambayo wataalamu huiita refleksolojia, hupenda kuanzia Misri. Huko Saqqara liko kaburi la Ankhmahor, mkuu mmoja wa serikali ya Farao aliyeishi yapata miaka 2300 kabla ya Kristo, na ukutani wamechorwa watu wakishughulikia mikono na miguu ya wenzao. Kaburi hilo limezoeleka kuitwa la tabibu, ingawa Ankhmahor hakuwa tabibu. Je, wale watu wanakanda, wanakata kucha, au wanauguza? Wataalamu wa mambo ya Misri hawajakubaliana. Jambo moja ni wazi: juu ya nyayo zile hakuna figo wala kongosho. Watu wamekandana miguu tangu zamani sana, na hilo halishangazi. Lakini ramani ni jambo jingine, na ramani haikutoka Misri.

Ramani ina umri wa miaka mia moja na kidogo tu, na chanzo chake ni Marekani. Katika miaka ya 1910, Daktari William Fitzgerald, tabibu wa masikio, pua na koo, alifanya kazi mjini Hartford, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa na watawa wa Mtakatifu Yosefu mwaka 1897. Alisema ameona kwamba akibana sehemu fulani za mkono, mdomo au mguu, maumivu hupungua mahali pengine mwilini, kiasi cha kumwezesha kufanya upasuaji mdogo wa pua au sikio. Akaugawa mwili katika kanda kumi zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni, tano kila upande. Vifaa vyake vilikuwa vya nyumbani kabisa: mipira ya kufungia, vibanio vya nguo, vitana vya chuma. Mwaka 1915 mwenzake, Edwin Bowers, aliandika katika gazeti moja akiwashauri wenye maumivu ya jino wabane kidole cha mguu. Mwaka 1917 wakatoa kitabu pamoja.

Msicheke haraka. Nyakati zile matabibu walikuwa wameanza kuelewa kwamba maumivu husafiri. Mwaka 1893 Mwingereza Henry Head alikuwa amechapisha kazi kubwa kuonyesha kwamba kiungo cha ndani kikiugua, ngozi ya mahali fulani pa nje huweza kuuma. Hata leo muuguzi yeyote wa Goma atawaambia kwamba mwenye mshtuko wa moyo huweza kusikia maumivu katika mkono wa kushoto. Kwa hiyo Fitzgerald hakuanzia kwenye upuuzi. Kosa liliingia katika hatua ya pili. Kusema kwamba moyo unaougua huweza kuumiza mkono ni jambo moja. Kusema kwamba anayebonyeza mkono anaponya moyo ni jambo jingine, nalo linahitaji ushahidi wake lenyewe. Hatua hiyo ilirukwa, na imeendelea kurukwa hadi leo kila mara mchoro ule unapotundikwa.

Daktari mwingine, Joe Shelby Riley, aliyachukua mawazo hayo na kuyapeleka Florida. Huko alifanya kazi naye mwanamke aliyeitwa Eunice Ingham, mkandaji aliyesomea kazi yake. Huyu ndiye mama wa mchoro tunaoujua. Aliacha vibanio na vitana, akatumia vidole gumba vyake mwenyewe. Aliiacha mikono na mwili mzima, akakaa kwenye miguu. Alibonyeza nyayo za wagonjwa wengi, akawauliza panapouma, akalinganisha na magonjwa waliyokuwa nayo, kisha akachora. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1938. Baada ya hapo alizunguka miji ya Marekani kwa miaka mingi akifundisha. Wanafunzi wake waliivusha kazi hiyo bahari: Doreen Bayly aliipeleka Uingereza, Hanne Marquardt akaieneza Ujerumani. Inafaa kutambua kwamba wengi wa waliobeba mapokeo haya walikuwa wanawake waliozoea kukaa karibu na kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo daktari hupita kwa dakika tano na kuondoka.

Sasa tumefika kwenye kipande cha historia ambacho kitamshangaza yule kijana aliyesema ni uganga wa Kichina.

Mwaka 1970 padri kijana kutoka Uswisi, Josef Eugster, wa Shirika la Wamisionari wa Bethlehemu, alifika kisiwa cha Taiwan. Alitumwa pwani ya mashariki, sehemu ya Changbin, kati ya milima na Bahari ya Pasifiki, katikati ya watu wa kabila la Amis, wavuvi na wakulima. Baada ya miaka michache alishikwa na ugonjwa wa viungo. Magoti yalivimba, na padri ambaye parokia yake ni vijiji vilivyotawanyika milimani hawezi kuishi bila magoti. Dawa hazikumsaidia alivyotumaini. Mwenzake wa utawa alimpa kitabu cha muuguzi wa Uswisi, Hedwig Masafret, kilichofundisha kukanda nyayo. Eugster alijaribu na, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alipata nafuu. Akajifunza zaidi, kisha akaanza kuwakanda waparokia wake.

Habari zilienea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magazeti ya Taiwan yalimwandika, na watu wakaja kutoka miji ya mbali kupanga foleni katika kijiji ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia. Wataiwani walimwita kwa jina lake la Kichina, Padri Wu, na njia yake ikachukua jina hilo hilo. Alifundisha wenyeji, wakiwamo wasio na kazi, ili wapate riziki kwa mikono yao. Kutoka Taiwan mtindo huo ulisambaa Asia ya Mashariki, na sehemu kubwa ya kile ambacho watalii leo wanakiita ukandaji wa miguu wa Kichina imepitia mikononi mwa padri huyo Mswisi. Ni kweli kwamba Wachina wana mapokeo yao ya kale ya kukanda mwili. Lakini ramani yenyewe ilizaliwa katika mazingira ya hospitali za Marekani, ikapita Ulaya, ikaingia Taiwan kwa mlango wa parokia, na baadaye ikarudi duniani ikiwa na sura ya Kichina. Mambo ya historia ndivyo yalivyo. Mara nyingi tunaogopa kitu kwa sababu ya nguo alizokivika msafiri wa mwisho.

Umaarufu ulileta pia swali zito: huyu si daktari, je, anatibu? Wakuu wa Taiwan walilijibu mwaka 1993 kwa njia ambayo mimi naiona kuwa ya busara. Wizara inayosimamia afya ilitangaza kwamba kukanda nyayo si tendo la kitabibu, kwa hiyo mkandaji hahitaji leseni ya udaktari, mradi tu asidai kwamba anatibu magonjwa. Mikono iliachiwa uhuru wake. Ni ulimi uliowekewa mpaka.

Je, mpaka huo una msingi? Turudi kwenye swali la msichana: ni kweli? Hapa historia inatuacha mikononi mwa watafiti, na wamejaribu kwa bidii. Mwaka 2000 kundi la watafiti wa Exeter, Uingereza, liliwachukua wagonjwa 18 ambao magonjwa yao yalikwisha kujulikana, likawaleta mbele ya wakandaji wawili wa refleksolojia bila kuwaambia nani anaugua nini. Kila mkandaji aliisoma miguu ileile kwa nafasi yake. Majibu yao hayakulingana na magonjwa, wala hayakulingana vizuri wao kwa wao. Kama unyayo ungekuwa kitabu, wasomaji wawili waliofundishwa herufi zilezile wangesoma sentensi moja. Mwaka 2011 Edzard Ernst na wenzake walikusanya majaribio 23 yaliyofanywa kwa utaratibu mzuri wa kulinganisha, wakahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao tiba hii imethibitishwa kwa uhakika kuuponya.

Wengi wanaoipinga huishia hapo, nami naona wanaishia mapema mno. Mwaka 2012 Gwen Wyatt na wenzake huko Michigan walichapisha jaribio kubwa la wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuenea. Wote waliendelea na tiba ya hospitali. Waliokandwa miguu kwa njia ya refleksolojia walipungukiwa na shida ya kupumua na wakaweza kufanya kazi ndogo ndogo za siku kwa urahisi zaidi. Katika maumivu, kichefuchefu na huzuni hapakuonekana tofauti. Mwaka 2017 watafiti hao walitoa matokeo ya jaribio jingine, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Hawakutumia wataalamu. Walichukua wagonjwa 256, kila mmoja pamoja na ndugu au rafiki anayemtunza, wakawafundisha watunzaji hao kukanda miguu kwa nusu saa, angalau mara moja kwa juma, kwa majuma manne. Wagonjwa waliokandwa na watu wao walisema dalili zinawasumbua kidogo kuliko wale wasiokandwa. Ni kweli kwamba mtu anayekandwa anajua anakandwa, na furaha ya kushikwa na mpendwa huingia katika hesabu. Watafiti hawawezi kuitenga. Lakini mgonjwa naye hana haja ya kuitenga.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba usingizi wa yule mama ulikuwa wa kweli. Mwili uliokandwa polepole, katika chumba kimya, na mtu asiye na haraka, hutulia. Pumzi hushuka, misuli hulegea. Lililokuwa si la kweli ni lile neno kuhusu kongosho. Alipewa vitu viwili katika bahasha moja, kimoja kizuri na kimoja cha hatari, na utamu wa cha kwanza ndio uliomfanya akiamini cha pili.

Kuhusu swali la pili, ipo hati ambayo wengine huitaja bila kuisoma. Tarehe 3 Februari 2003, Baraza la Kipapa la Utamaduni pamoja na Baraza la Kipapa la Majadiliano kati ya Dini walitoa tafakari ndefu juu ya mkondo wa mawazo unaojulikana kama Enzi Mpya. Refleksolojia imetajwa humo kwa jina, katika orodha moja na tiba ya sindano ya Kichina, ukandaji wa aina nyingi na mengineyo, kama mambo yanayotangazwa katika masoko ya mkondo huo. Hati yenyewe inajiita taarifa ya muda, na haisemi kwamba kukandwa miguu ni dhambi. Inachokitilia shaka ni fundisho linaloambatana nacho mara nyingine: kwamba chanzo cha uponyaji kimo ndani yetu wenyewe, na kwamba tunakifikia tukiungana na nguvu fulani ya ulimwengu. Padri Eugster alikuwa akikanda miguu ya waparokia wake miaka mingi kabla ya hati hiyo, na haikuandikwa dhidi yake. Anayetaka kupima jambo asiangalie mguu. Asikilize maneno yanayosemwa wakati mguu unakandwa.

Sisi wa Goma tuna neno letu la zamani kuliko refleksolojia. Tunasema kukanda, kitenzi kilekile cha unga wa maandazi. Pwani ya Waswahili, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini, na mkunga au bibi anayemkanda hamwambii kwamba anamfungulia ini. Anamwambia apumzike. Lugha yetu ya mtaani hata hivyo ina mtego mmoja: neno munganga tunampa daktari wa hospitali, na twaweza kumpa vilevile yeyote anayegusa mwili na kutaja ugonjwa. Anayetundika mchoro ukutani huazima heshima ya neno hilo bila kulipa gharama yake.

Na miguu ya mji huu ina habari zake. Mawe tunayoyakanyaga kila siku yalishuka kutoka Nyiragongo, ambao ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Kila mara wazee na watoto walikimbia kwa miguu. Njia ya Sake inayopita magharibi ya Keshero imeshuhudia wakimbizi wa mwaka 1994, wasukuma chukudu wa kila alfajiri, na familia zilizolala Bulengo na Lushagala chini ya mahema yaliyosimikwa juu ya mawe ya volkano. Vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, majeruhi walijaa Hospitali ya Kyeshero, wengine miguuni. Katika mji kama huu, mtu anayejitolea kushika mguu wa mwenzake kwa nusu saa asidharauliwe. Hata hivyo asiachwe pia aseme lolote, kwa maana watu waliochoka sana huamini upesi.

Kwa hiyo vijana waliotaka kujifunza kukanda ili kuwatembelea wagonjwa wa mashirika yetu walikubaliwa, lakini waliketi kwanza na muuguzi. Aliwafundisha kwamba mguu mmoja ukivimba ghafla, ukiwa na joto na maumivu, usikandwe kamwe, kwa sababu damu huenda imeganda ndani ya mshipa. Mgonjwa apelekwe hospitali. Penye kidonda, mvunjiko au uvimbe usioeleweka pasibonyezwe. Kwa mwenye sukari aliongeza neno ambalo mchoro wa rangi haukulisema hata kidogo: ugonjwa huo huua hisia za nyayo polepole, hata mtu huweza kuungua katika beseni la maji ya moto au kukanyaga jiwe kali asijue. Maji yapimwe na kiwiko cha mtu mwingine. Miguu itazamwe kila siku, juu, chini na kati ya vidole, ikaushwe vizuri, ndipo ipakwe mafuta. Na vidonge viendelee.

Msichana wa Keshero alianza siku hiyo hiyo. Jioni humwekea mama yake beseni, humkausha miguu, humkanda huku wakizungumza habari za nyumbani. Juma la tatu, akiwa ameshika taa, aliona kati ya kidole cha nne na cha tano mkato mdogo wenye unyevu, ambao mama hakuwa ameusikia. Asubuhi walikwenda zahanati pamoja, mama akiwa na daftari lake la sukari mkononi.